Kishale Kishuke au Kiende Kulia?

Ipo kauli iliyozoeleka mno katika vyumba vya walimu hapa Juba, nayo ni hii: "Kompyuta ndivyo ilivyo." Mwalimu akiuliza kwa nini kila anapoandika alama za mwanafunzi katika jedwali na kubonyeza Enter kishale kinamporomokea chini, ilhali yeye alitaka kiende kando, hujibiwa kwa kauli hiyo na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi tufundishao Kiswahili katika mji huu tumeisikia kauli hiyo hata tumeichoka. Kauli yenyewe si ya kweli. Inawapunja wanafunzi haki yao. Na tena chanzo chake ni uvivu wa lugha, jambo ambalo ni letu sisi walimu wa lugha kabla halijawa la mafundi.

Hebu tulieleze jambo lenyewe kwanza, kwa ajili ya wale ambao hawajalizoea. Lahajedwali ni jedwali kubwa la kompyuta lililogawanywa katika visanduku. Kwa wakati mmoja kisanduku kimoja huwa kimezungukwa na mpaka mzito, na mpaka huo ndio uonyeshao kwamba lolote litakaloandikwa litaingia pale. Huo ndio tunaouita kishale katika makala haya, ingawa umbo lake si la mshale hata kidogo. Jina limehamishwa kutoka mahali pengine likatua hapo, nasi hatutagombana na yeyote kwa hilo leo. Mtu akiandika neno au tarakimu kisha akabonyeza Enter, kishale huhamia kisanduku kilicho chini. Hivyo ndivyo Excel na LibreOffice zinavyokuja zikiwa mpya.

Lakini zinavyokuja si lazima ndivyo zibaki. Katika Excel mtu hufungua File, kisha Options, kisha Advanced, na jambo la kwanza analolikuta juu ya ukurasa ule ni swali hili hili tunalolizungumza: baada ya Enter, kishale kiende wapi? Majibu ni manne, yaani chini, kulia, juu na kushoto. Akiondoa alama ya vema iliyo mbele ya swali, kishale hakiendi kokote, kinabaki pale pale kilipoandika. Katika LibreOffice, ambayo hutolewa bure, njia ni Tools, kisha Options, kisha LibreOffice Calc, kisha General. Kazi yote haizidi dakika moja. Tumewaona watu waliokaa na kompyuta kwa miaka kumi bila kuufungua ukurasa huo hata mara moja, na hao ndio wa kwanza kutuambia kwamba kompyuta ndivyo ilivyo.

Tena hata historia inawakana. Lahajedwali ya kwanza iliyoenea katika kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa na Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani mwaka 1979. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, nayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikitumika katika maofisi ya dunia. Katika Lotus ukibonyeza Enter kishale hakikusogea. Aliyetaka kishuke alibonyeza kitufe chenye mshale wa chini, na aliyetaka kiende kulia alibonyeza kile cha kulia. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeamua, kisanduku baada ya kisanduku. Excel ilikuja mwaka 1985, kwanza katika kompyuta za Macintosh. Basi kushuka kwa kishale si maumbile, kama maji ya Bahr el Jebel yanavyopita hapa mjini kwetu yakiteremka kwenda kaskazini. Ni uamuzi wa watu, waliokuwa na kazi zao na desturi zao, na wenye akili ya kutosha kujua kwamba wengine watakuwa na kazi nyingine. Ndiyo maana wakaacha mlango wazi. Aliyeufunga mlango huo ni mwalimu asemaye "ndivyo ilivyo".

Sasa tuitazame kazi ya mwalimu. Daftari la alama, liwe la karatasi au la kompyuta, hupangwa kwa namna moja karibu kila mahali: majina ya wanafunzi yanashuka upande mmoja, na masomo yamefuatana juu. Mwalimu wa somo huja na rundo la karatasi za mtihani wa somo lake, na kazi yake ni kujaza kutoka juu hadi chini. Huyo kishale kinachoshuka kinamfaa, kwa sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa, kwamba karatasi ziwe zimepangwa kwa utaratibu ule ule wa majina. Kazi ya mwalimu wa darasa ni nyingine. Yeye hushika fomu ya mwanafunzi mmoja mmoja, yenye alama za masomo yote, naye huzijaza kuelekea kando. Kwake yeye kishale kinachoshuka ni mfano wa mbuzi asiyefungwa kamba. Kila alama anayoiandika, kishale kinamtoroka kwenda kwa mwanafunzi wa pili. Hukifuata, hukirudisha juu, hukisukuma kando, huandika tena, nacho kinatoroka tena. Masomo manane, wanafunzi themanini, na kila mara safari hiyo hiyo. Saa ya jioni jicho likishachoka, alama ya hesabu ya mtoto mmoja imekwisha kulala katika mstari wa jirani yake, wala hapana ajuaye.

Tunalijua darasa moja la nane, katika shule ambayo hatutaitaja, ambalo alama za somo zima zilipanda ngazi moja. Mwanafunzi wa kumi na moja katika orodha hakufanya mtihani siku ile kwa sababu ya homa, kwa hiyo karatasi yake haikuwamo katika rundo. Aliyekuwa akiandika aliziba masikio, kama wasemavyo, akaandika na kubonyeza Enter, akaandika na kubonyeza Enter. Alama za wa kumi na mbili zikaingia kwa wa kumi na moja, za wa kumi na tatu zikaingia kwa wa kumi na mbili, na kadhalika mpaka mwisho wa orodha. Mgonjwa akafaulu mtihani asioukalia. Msichana wa mwisho katika orodha akaandikiwa kwamba hakufanya. Kosa lilijulikana kwa sababu mama yake alikuja shuleni na karatasi yenyewe mkononi, iliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Sasa sisi tunauliza: wako watoto wangapi wenye mama asiyejua kusoma, au ambao karatasi zao hazikurudishwa nyumbani?

Watakuja watu watuambie kwamba kosa lile lilikuwa la mwandishi, si la kishale. Tunakubali kwamba kishale hakina dhambi. Hata hivyo, mwandishi yule alikuwa amefundishwa njia moja tu, na njia hiyo ina udhaifu unaojulikana: ukiruka jina moja, waliobaki wote wanahama pamoja na wewe. Angalikuwa amefundishwa kwamba kishale hutii, angaliweza kufanya hivi. Achukue karatasi bila kuzipanga. Atayarishe nguzo mbili tu, moja ya namba ya mwanafunzi katika daftari la mahudhurio, ya pili ya alama. Aandike namba, kishale kiende kulia, aandike alama, kishale kirudi mwanzo wa mstari ufuatao. Karatasi ya mgonjwa haimo, basi namba yake haimo, na hapana mtu aliyehamishwa. Mwisho programu yenyewe huzipanga namba kwa utaratibu wake, na pengo la wa kumi na moja huonekana wazi kama jino lililong'oka. Kwa njia hii kila alama huingia pamoja na mwenyewe.

Kurudi huko mwanzo wa mstari hakuhitaji hata kubadili mpangilio. Mtu akitumia kitufe cha Tab badala ya Enter, kishale huenda kwenye nguzo inayofuata. Na akiisha kwenda hivyo mara kadhaa, kisha akabonyeza Enter, kishale hurudi kwenye nguzo ile alikoanzia, katika mstari wa chini yake. Aidha, mtu akichagua kwanza eneo la visanduku anavyotaka kuvijaza, kishale hakitoki nje ya eneo hilo; kikifika mpakani kinageuka chenyewe. Na yeyote akitaka kurudi kinyume, ashikilie Shift pamoja na Enter, au Shift pamoja na Tab. Haya yote yamo ndani ya kompyuta ile ile ambayo "ndivyo ilivyo". (Na ikiwa siku moja vitufe vya mishale vinausogeza ukurasa mzima huku kishale kimeganda mahali pake, msimwite fundi wala msimwite mchawi, mtu amegusa kitufe cha Scroll Lock.)

Hapa patakuwa na ubishi mwingine, nao una uzito, kwa hiyo tutaujibu kwa heshima. Mpangilio wa kishale haukai ndani ya faili. Hukaa ndani ya programu ya kompyuta ile. Katika shule zetu kompyuta ni moja na walimu ni kumi. Mwalimu wa darasa akielekeza kishale kulia asubuhi, mhasibu wa shule akaja mchana kuandika malipo ya karo kutoka juu hadi chini, tarakimu zake zitatawanyika kando naye atapandwa na hasira. Basi wenzetu wanasema: heri tuache kila kitu chini, tuwe na amani. Maoni yetu ni kwamba amani ya namna hiyo ni ya watu wasiosemezana. Kwenye kompyuta ya wengi, njia ya Tab ndiyo ifundishwe kwanza, kwani haimghasi mtu mwingine. Lakini katika majuma yale ya kuandaa ripoti, mwalimu wa darasa anayo haki ya kukielekeza kishale kulia mchana kutwa, ilimradi akimaliza akirudishe, au aandike kwenye karatasi kando ya kompyuta kwamba hakukirudisha. Chombo cha watu wengi kinahitaji maneno baina yao. Jiko la ushirika nalo ni hivyo hivyo.

Tumesema maneno, na sasa tumefika mahali tulipokusudia kufika tangu mwanzo.

Ajabu iliyoje kwamba ni Juba, katika miji yote, inayosema mwelekeo wa maandishi hauna hiari! Mwaka 1928, huko Rejaf, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo, ulifanyika mkutano wa lugha uliochagua baadhi ya lugha za Kusini, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande, zitumike mashuleni na ziandikwe kwa herufi za Kirumi, kutoka kushoto kwenda kulia. (Mwaka huo huo, Mombasa, wajumbe wengine walikuwa wakikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.) Baada ya Sudan kupata uhuru mwaka 1956, serikali ya Khartoum iliingiza Kiarabu katika shule za Kusini, na kalamu ikageuka, ikaanzia kulia. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yakairudishia Kusini Kiingereza, na kalamu ikageuka tena. Vita vikarudi mwaka 1983. Juba ilibaki mikononi mwa serikali muda wote wa vita vile, na mtoto aliyesoma hapa miaka ya 1990 alisoma kwa Kiarabu. Ndugu yake aliyekimbilia Kakuma, kambi iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 1992, alisoma kwa Kiingereza, na Kiswahili akakiokota njiani na darasani. Mwaka 2011 nchi ikawa huru na Katiba ya Mpito ikaweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia. Leo ndugu hao wawili huenda wakawa walimu katika chumba kimoja, mbele ya kompyuta moja.

Mmoja wao akifungua jedwali lililotengenezwa kwa Kiarabu, nguzo ya kwanza, ile yenye herufi A, iko mkono wa kulia, na jedwali lote linatembea kuelekea kushoto. Hilo nalo ni chaguo, limo humo humo katika Excel. Mwingine akiliona hudhani kompyuta imeharibika. Haikuharibika, imegeuzwa tu, kama kalamu ilivyogeuzwa mara tatu katika maisha ya wazee wetu. Wala Waswahili wasijione kuwa wako mbali na mambo haya. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, nazo zimeandikwa kutoka kulia. Wapinzani wetu wanayo hoja moja iliyo nzuri hapa, nasi tutawasaidia kuitoa: chini ni chini kwa wote, kwa msomaji wa Kiarabu na kwa msomaji wa Kiingereza sawasawa, na labda ndiyo sababu ya kuufanya mwelekeo huo kuwa wa kawaida. Vema. Lakini alama za mtoto mmoja hazikuandikwa chini. Zimeandikwa kando ya jina lake, na kando ndiko kwenye mgogoro.

Basi sikilizeni mgogoro huo unavyozaliwa kwa neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe ni safu.

Mwalimu wa kompyuta aliyetoka upande wa mashariki husimama mbele ya darasa akasema, "Jazeni safu ya kwanza." Yeye moyoni mwake anakusudia visanduku vinavyoshuka chini ya herufi A, kwani ndivyo alivyozoea kulitumia. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kiarabu analijua neno hilo vizuri sana, kuliko mwalimu wake. Kwake saff ni mstari wa watu waliosimama bega kwa bega, kama katika sala, na katika Excel ya Kiarabu saff ni ule mstari wa kando hasa. Ile inayoshuka inaitwa amud, yaani nguzo. Kwa hiyo mwanafunzi anajaza kuelekea kando. Mwalimu anamkemea. Mwanafunzi anatii, na kimoyomoyo anahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha isiyojua kulia na chini. Nani mwenye kosa? Si mwanafunzi. Hata miongoni mwetu Waswahili neno safu peke yake halisemi kama ni ya wima au ya mlalo. Safu ya milima imelala, na safu ya gazeti imesimama. Ndiyo maana waliotafsiri programu kwa Kiswahili walitenganisha safuwima na safumlalo. Maneno hayo si matamu mdomoni, tunakubali, lakini yanaona njia. Wima husimama na mlalo hulala, na mtoto wa juma la kwanza anaweza kuonyesha yote mawili kwa mkono wake. Sisi wenyewe tumetumia "nguzo" na "mstari" katika makala haya, na madarasani tumeona kwamba neno nguzo humkumbusha mwenye Kiarabu amud yake bila maelezo. Mwalimu achague jozi moja na aishike. Asichanganye, na asiseme "safu" tupu mbele ya darasa la Juba.

Vivyo hivyo kulia. Tunafundisha kwamba mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na mwanafunzi akilishika hilo halimtoki tena. Lakini mtu akiandika "kishale kinaenda kulia" bila kueleza, yuko mwanafunzi atakayeuliza kimemkuta nini hata kiende kulia machozi. Lilikwisha kuulizwa darasani, na darasa likacheka, na hapana aliyelisahau somo lile. Wazee wa pwani husema pia mkono wa kuume. Neno hilo ni zuri na halina machozi ndani yake. Lifundishwe pamoja na lenzake.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, kwa hiyo tuwafundishe watoto amri za Kiingereza wazikariri kama dua. Hao tunawakumbusha tu kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice nzima kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice, lahajedwali ikiwamo, na kwamba Microsoft nayo ilitoa Kiswahili chake. Kila amri, kila onyo, kila swali la kishale lilipewa jina. Maneno yalikuwapo kabla nchi hii haijawa huru. Yaliyokosekana ni midomo ya kuyatumia, na midomo hiyo ni yetu. Hatusemi kwamba skrini za Juba zigeuzwe zote kuwa za Kiswahili kesho. Skrini ya Kiingereza na ibaki, kwani ndiyo lugha ya kazi. Lakini maelezo ya mwalimu wa Kiswahili anapokuwa mbele yake yawe ya Kiswahili, na yawe ya kweli. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Enter "ni kushuka" hajui neno la Kiingereza wala jambo lenyewe. Aliyeambiwa kwamba Enter "ni kukubali ulichoandika, kisha kishale kinakwenda kule ulikokiagiza" amepata yote mawili.

Ama wale wasemao kwamba haya ni mambo ya mafundi, tunawauliza ni fundi gani aliyesahihisha karatasi za mtihani. Fundi anajua kishale kinavyogeuzwa. Mwalimu ndiye ajuaye kwa nini kigeuzwe, kwa kuwa ndiye mwenye rundo mkononi. Na wapo wanaotucheka kwa kusema shule nyingi hazina kompyuta wala umeme, na ninyi mnagombania kishale! Tunaijua hali hiyo kuliko wao. Jenereta ikizimika tunakaa gizani pamoja na wengine. Lakini fikirini. Shule yenye kompyuta ishirini, kosa la mtu mmoja huonwa na wa pili. Shule yenye kompyuta moja na mwandishi mmoja, alama za watoto mia tano zinapita katika vidole viwili. Uchache wa vyombo haupunguzi haja ya kujua, unaizidisha.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mkataba wa Jumuiya hiyo unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Kwa watu wa Juba, Kiswahili si cha kwanza kuletwa. Kila lugha iliyokuja hapa kwa amri ilikuja na mwelekeo wake wa kalamu, na iliwaambia wenyeji kwamba ule wa kwanza ulikuwa kosa. Sisi hatutaki Kiswahili kije hivyo. Sokoni Konyo Konyo hakikuja hivyo. Kilikuja na wachuuzi na watu waliorudi kutoka ukimbizini, wakauliza bei, wakajibiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakaelewana. Mwalimu naye aje hivyo. Akimwona mwenzake amelifungua jedwali lake kutoka kulia, asiligeuze bila ruhusa. Amuulize majina yameanzia wapi.

Kwa walimu wasio na kompyuta, somo hili linafundishika kwa chaki tupu, na tunalisifu kwa sababu tumeliona likifaulu. Chora ubaoni jedwali la mistari sita na nguzo sita. Mwanafunzi mmoja ashike kipande cha karatasi, yeye ndiye kishale. Wengine wamwamrishe: shuka, panda, nenda kulia, rudi kushoto, baki hapo. Akiisha kuzoea, wabadili amri ziwe habari: kishale kimeshuka, kishale kilichoshuka kimerudi, kishale hakikubaki. Hapo ngeli ya ki-vi inafundishwa bila mtu kuitaja, pamoja na nyakati zake na vikanushi vyake. Kisha mwalimu aseme, "Kuanzia sasa Enter ni kulia," na aone ni nani anayeendelea kushuka kwa mazoea. Watakuwa wengi, na kelele zitasikika mpaka darasa la pili.

Tunalopendekeza kwa shule zenye kompyuta ni dogo. Karatasi ibandikwe ukutani juu ya kompyuta ya walimu, iandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kiarabu na Kiingereza pia kwa wanaotaka, ikisema Enter inaelekea wapi leo. Anayebadili aandike jina lake na tarehe. Kabla ya ripoti kutolewa, watu wawili wasome alama kwa sauti, mmoja akisoma jedwali na mwingine karatasi za mtihani, wakianza na jina la mwisho katika orodha, kwani huko ndiko alama zilizohama huonekana upesi. Kuhusu safuwima na safumlalo, nguzo na mstari, sisi hatujafunga mjadala. Mwenye jozi iliyo bora, ambayo mwanafunzi wa Juba ataielewa mara ya kwanza bila kukemewa, na atuletee kabla ya toleo lijalo, aeleze pia amelijaribu katika darasa la watu wangapi.